Stika Haisimamishi Lori

Kila lori linapopinduka katika miteremko ya Karatu, yapo maneno mawili yasiyokosa kusikika kabla hata vumbi halijatua. Neno la kwanza hutoka kwa dereva, kama yu hai, au kwa utingo wake: "Breki zilifeli." Neno la pili hutoka kwa wapita njia waliokusanyika kando ya barabara wakitikisa vichwa: "Ajali haina kinga." Baada ya hapo shauri huwa limekwisha. Maiti huchukuliwa, majeruhi hupelekwa hospitali, shehena iliyomwagika huokotwa na wanaoiokota, na tajiri wa lori hupigiwa simu aje na winchi. Hakuna aulizaye breki zile zilianza kufeli lini.

Swali hilo ndilo lingepaswa kuulizwa kwanza. Breki za lori hazizimiki ghafla kama taa iliyokatiwa umeme. Hufa polepole, kwa siku nyingi, na muda wote huo hutoa dalili: upepo unaovuja kwa mlio wa nyoka, mshale wa geji unaopanda kwa uvivu asubuhi, pedali inayozama kuliko jana, gurudumu moja linalonuka moto wakati mengine ni baridi. Mwenye masikio alisikia na mwenye pua alinusa. Kusema baada ya yote hayo kwamba breki "zilifeli" ni sawa na kusema kwamba nyumba iliyoliwa na mchwa miaka kumi imeangushwa na upepo wa leo. Methali ile nayo inatumiwa vibaya. Wahenga waliisema ili kumfariji mfiwa asijitese kwa lawama. Hawakuisema ili kumtetea mwenye gari bovu.

Karatu si mahali pa kuchezea maneno ya namna hiyo. Anayetoka Arusha huiacha barabara ya Dodoma pale Makuyuni, akapita Mto wa Mbu ulio chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kisha akaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini, mkono wa kushoto. Hupita Kilimamoja na Rhotia hadi Karatu mjini, kwenye mita zipatazo 1,500. Akiendelea hufika lango la Lodoare, na hapo barabara huingia msituni na kupindapinda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, ambako ukungu wa asubuhi huweza kumficha hata mtu aliyesimama mbele ya gari. Njia hiyo inajulikana duniani kwa magari ya watalii. Lakini ndiyo hiyo hiyo ipitishayo saruji, sukari na mabati ya watu wa Wasso na Loliondo, ndiyo iendayo Serengeti hadi Mkoa wa Mara, na ndiyo iteremshayo vitunguu vya Mang'ola, ngano, maharage na mbaazi za wakulima wa Karatu kwenda masoko ya Arusha na Dar es Salaam.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sehemu ya Makuyuni hadi Lodoare ilijengwa kwa lami kwa msaada wa Japani. Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, kwa maana mgonjwa aliyekuwa akichukua nusu siku kufika Arusha sasa hufika kwa saa chache. Hata hivyo, barabara ya vumbi na mawe ilikuwa na wema wake mmoja usiotajwa: ilimlazimisha kila dereva aende polepole, apende asipende. Lami iliuondoa ulazima huo siku moja. Mwendo uliongezeka, mzigo ukaongezeka, milima ikabaki ile ile, na lori likabaki na breki zile zile zilizofungwa na fundi yule yule chini ya mti.

Hesabu yake si ngumu, na mwalimu wa fizikia wa sekondari yoyote ya wilaya hiyo anaweza kuipiga ubaoni. Lori lenye uzito wa tani 30 likitoka Karatu kwenda Mto wa Mbu hushuka mita 500 na ushei. Nguvu ya mteremko huo haipotei hewani. Ikizuiwa na breki hugeuka joto, na joto hilo lote likikusanywa lingetosha kuyachemsha maji baridi ya mapipa mawili makubwa. Sehemu yake hupunguzwa na hewa inayolipiga lori, na sehemu, kama dereva yumo katika gia ndogo, hubebwa na injini. Inayobaki yote huingia katika diramu za breki, vyuma ambavyo kimoja kimoja hakizidi ukubwa wa sufuria. Diramu ikipata joto kupita kiasi hutanuka na kuikimbia lainingi. Lainingi nayo ikiungua huwa laini na kuteleza. Dereva hukanyaga, pedali huitika, upepo hutoka, na lori halipunguzi mwendo. Huko ndiko kuitwako kufeli. Ukweli ni kwamba breki zimebebeshwa kazi ya gia hadi zikaelemewa.

Madereva wa zamani walikuwa na kanuni fupi isiyohitaji fizikia: gia uliyopandia mlima ndiyo uteremkie. Kwa malori ya siku hizi, ambayo injini zake zina nguvu ya kupanda kwa gia kubwa zaidi, hata kanuni hiyo haitoshi, na dereva hana budi kuchukua gia ndogo kuliko ile aliyopandia, tena aichukue akiwa bado juu, kwa sababu lori likishakimbia gia ndogo haiingii tena. Badala yake umeenea ugonjwa wa kuteremka "fri". Gia huondolewa, lori huachiwa lijiendee kwa uzito wake, na lita chache za dizeli huokolewa. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu tajiri amewapimia mafuta kwa kibaba. Wapo pia wanaofanya hivyo ili mafuta yanayobaki wayauze njiani. Wa kwanza anasukumwa na wa pili anaiba, lakini mlima hauwatofautishi. Lori lililo fri halina injini ya kulizuia. Na dereva anayethubutu kuzima injini kabisa huwa pia amesimamisha pampu inayojaza upepo wa breki, na usukani humgeukia mzito mikononi kwenye kona ya kwanza.

Wilaya ya Karatu inajua gharama ya miteremko yake. Tarehe 6 Mei, 2017, asubuhi ya mvua, basi lililokuwa limewachukua wanafunzi wa Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha, waliokuwa wakienda Karatu kufanya mtihani wa majaribio pamoja na wenzao, lilitumbukia korongoni Rhotia Marera. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walikufa. Watoto watatu tu walinusurika. Lile lilikuwa basi na si lori, na si kazi ya ukurasa huu kuwahukumu marehemu. Lakini barabara ni ile ile, na mashitaka yaliyofikishwa mahakamani Arusha baadaye yalistahili kusomwa na kila tajiri wa malori: yalihusu leseni ya usafirishaji, bima, idadi ya abiria, na mkataba wa kazi wa dereva. Nchi nzima ililia. Kisha ikafuata kawaida.

Tarehe 24 Februari, 2024, katika mkoa huo huo wa Arusha, lori lililoripotiwa kushindwa breki liliyagonga magari matatu Ngaramtoni, katika barabara ya Namanga. Watu 25 walikufa. Mbeya nako, katika miteremko ya kuingilia mjini, habari za namna hiyo zimekuwa kama majira ya mwaka. Ukitafuta neno linaloziunganisha taarifa zote hizo utalipata bila taabu, nalo ni lile lile la utingo.

Wako watakaosema kwamba ukaguzi upo. Upo kweli. Sheria ya Usalama Barabarani imekuwapo tangu mwaka 1973, na inataka gari litembealo barabarani liwe katika hali nzuri. Polisi wa Usalama Barabarani husimamisha magari. Kila ifikapo Wiki ya Nenda kwa Usalama magari hukaguliwa na stika hubandikwa kwenye kioo. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, hutoa leseni za usafirishaji na imepewa kazi ya kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara. Mizani hupima uzito. Kwa karatasi, lori la Tanzania limelindwa pande zote.

Lakini stika hubandikwa kwenye kioo, na kioo hakina breki. Stika njema kabisa, iliyotolewa na mkaguzi mwaminifu kabisa, inaeleza hali ya gari kwa siku ile lilipokaguliwa. Haijui lolote juu ya asubuhi ya leo, baada ya safari arobaini za Mang'ola. Na si stika zote zilizo njema; manung'uniko kwamba zipo zinazopatikana pasipo gari kuonekana si ya jana. Matokeo yake ni kwamba dereva amezoea kuuona ukaguzi kama ushuru: jambo linalomngoja njiani, linalofanywa na mtu mwenye sare nyeupe, ambalo hekima yake ni kulipita salama. Akishalipita hujiona gari lake ni zima. Wazo kwamba mkaguzi wa kwanza wa lori ni yeye mwenyewe, kila siku, kabla ya kuwasha safari, halijapata kuingia kichwani mwake, kwa sababu hakuna aliyeliingiza.

Ukaguzi huo si elimu ya chuo kikuu. Ni nusu saa ya mtu anayejua anachokitafuta. Huanza kwa kulizunguka lori likiwa baridi na kutazama chini ya matumbo yake, kwa maana mafuta na maji yaliyodondoka usiku huandika habari zake ardhini. Hufungua vilango vya matangi ya upepo na kutoa maji, kwa sababu pampu huvuta unyevu pamoja na hewa, na tangi lililojaa maji halina nafasi ya upepo. Kisha huwasha injini, hungoja geji ijae, huizima, hukanyaga breki na kuushikilia mguu pale pale kwa muda wa dakika nzima akiutazama mshale. Mshale ukishuka, pana mahali panapovuja. Utingo azunguke kila gurudumu na kusikiliza. Hapo ndipo palipo na jaribu kubwa, kwani ipo tabia ya fundi wa njiani kuuziba mpira wa upepo wa gurudumu linalovuja ili safari iendelee. Gari huendelea kweli, likiwa na gurudumu moja lisilo na breki kabisa, na mengine yakibeba deni lake. Siku ya pili huzibwa jingine.

Matairi nayo hayakaguliwi kwa jicho. Tairi za nyuma hukaa mbilimbili, na ile ya ndani inaweza kuwa imeisha upepo wakati ya nje inalishikilia lori lionekane zima. Kwa hiyo wazee hutembea na nyundo au kipande cha chuma, wakazigonga zote na kusikiliza sauti. Jiwe lililokwama katikati ya tairi mbili hutolewa kabla halijazichana. Nati za magurudumu husomeka: msitari wa kutu unaotiririka kutoka kwenye nati ni barua inayosema kwamba nati hiyo imelegea. Springi hutazamwa kama ina jani lililovunjika, na kiungo cha tela hushikwa kwa mkono. Na pembetatu za kuakisi ziwemo, ili lori likiharibika kwenye kona ya Rhotia usiku, onyo lake lisiwe matawi ya miti na mawe, ambayo yenyewe huachwa barabarani lori likishatengenezwa na kumwua mwendesha pikipiki wa kesho.

Je, madereva hawayajui mambo haya? Wapo wayajuao vizuri sana, na katika barabara ya Karatu wamo watu walioshusha malori kwa miaka thelathini bila kumkwaruza kuku. Lakini wengi walijifunza kwa njia moja: kijana alianza kuwa utingo, akaosha gari, akapanga mizigo, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu kila lori liliposimama mlimani, mpaka usiku mmoja dereva alipochoka akampa usukani. Amefundishwa na mwenzake, na mwenzake alifundishwa na mwingine. Kilichokuwa kizuri kimerithiwa na kilichokuwa kibaya kimerithiwa pia, ikiwa ni pamoja na fri. Leseni aliipata baadaye.

Tena hata yule ajuaye huishi chini ya masharti yanayoufanya ujuzi wake usiwe na kazi. Dereva alipwaye kwa safari hulipwa kwa kufika. Nusu saa ya nyundo na geji haina malipo. Vitunguu ni mali inayooza, na mnunuzi yuko Dar es Salaam sokoni ameshika simu. Kwa lori liendalo Ngorongoro na Serengeti lipo jambo jingine, nalo ni saa. Malango ya hifadhi hufungwa jioni, na aliyechelewa hulala nje. Basi asubuhi muda hupotea katika kupakia na kungoja karatasi, na mchana hulipwa kwa mwendo, katika barabara ambayo ng'ombe wa Wamasai na wanyama wa porini hawana saa ya kuvuka. Nani amewahi kumwona tajiri akimwambia dereva wake, "Umechelewa, basi lala Karatu, gharama ya kulala ni yangu"?

Kuna na dhambi ya lumbesa. Sheria ya Vipimo imeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia la mazao. Mkulima wa Mang'ola anaijua lumbesa kama wizi wa jasho lake, kwa sababu gunia linashonewa kofia juu na bei inabaki ya gunia moja. Wachache husema kwamba lumbesa humwibia dereva pia. Yeye huambiwa, "Umebeba gunia mia," naye hupiga hesabu ya tani kumi. Nyuma yake, kwa kweli, zimo tani kumi na tatu au zaidi, zimepangwa juu ya mbao zilizoongezewa, na uzito umepanda kichwani mwa lori ambako kona huutafuta. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inahesabu kila ekseli peke yake: tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne, tani 8 kwa ekseli ya usukani. Anayehesabu magunia badala ya kilo hawezi kujua kama ameivunja. Na mlima hauhesabu magunia.

Sasa lije suala ambalo matajiri hawapendi lisemwe. Aprili 2015 madereva wa nchi hii waligoma, wakagoma tena Mei. Miji ilisimama, wasafiri wakalala vituoni, na magazeti mengi yakawaita wakorofi. Moja ya mambo waliyoyapinga lilikuwa sharti la kurudi darasani kila walipotaka kuhuisha leseni, tena kwa gharama zao. Moja ya mambo waliyoyadai lilikuwa mikataba ya kazi. Kwa mtazamo wa haraka ilionekana kwamba madereva wanakataa elimu. Sivyo. Mtu asiye na mkataba, alipwaye kwa safari, awezaye kufukuzwa kwa simu, aliambiwa atoe fedha mfukoni ajifunze namna ya kuitunza mali ya mtu mwingine. Fundi wa kiwandani hajinunulii mashine ya mwajiri wake, wala rubani hajilipii ukaguzi wa ndege anayoirusha. Elimu ilikuwa ya lazima. Aliyekosewa alikuwa mlipaji.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuwasahau watu hawa. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi, na imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma. Dereva wa lori la vitunguu humaliza saa hizo kabla ya Alhamisi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo, VETA ipo mikoani. Mafunzo ya kuteremka mlima na kukagua breki za upepo si siri ya taifa. Kinachokosekana ni mtu wa kulazimishwa kuyalipia, na mtu huyo ni yule anayepata faida lori likifika.

Watetezi wa matajiri watajibu kwamba wengi wao si matajiri kwa maana halisi. Ni watu wa kawaida wenye Fuso moja iliyonunuliwa kwa mkopo, na ukiwabana usafiri utapanda bei na mkulima ndiye atakayeumia. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na haifai kudharauliwa. Lakini itazamwe mpaka mwisho. Mwenye Fuso moja ndiye hasa ambaye ajali moja inammaliza: lori limekwenda, mkopo umebaki. Lainingi za magurudumu yote ni ghali. Winchi, jeneza na wakili ni ghali zaidi. Na mkulima anayetajwa kwa huruma hivi ndiye mara nyingi aliyekaa juu ya magunia yake, akisindikiza mali yake sokoni, siku breki "zinapofeli".

Inafaa pia kutazama upande wa pili wa barabara hiyo hiyo. Magari ya watalii yapitayo Karatu kwenda Ngorongoro hurudi gereji safari ikiisha, yakainuliwa, yakafunguliwa magurudumu, yakafungwa tena. Hakuna anayesema kwamba utalii hauwezi kubeba gharama hiyo. Mgeni aliyelipa dola anahesabiwa kuwa hana budi kurudi salama. Mama wa Endabash anayepanda lori siku ya mnada, na dereva anayemchukua, wanahesabiwa kwa methali.

Hatua za kuchukua si za kungojea wataalamu kutoka nje. Kila lori la biashara liwe na daftari, na kila asubuhi dereva aandike humo alichokikuta katika upepo, breki, matairi, taa na usukani, atie sahihi. Tajiri au msimamizi wake naye atie sahihi yake kila juma, ili kesi itakapofika mahakamani asiseme hakuarifiwa. Dereva aliyeandika kwamba breki ni mbovu na kukataa kuondoka asifukuzwe, na akifukuzwa, ukurasa ule uwe shahidi wake. Askari anayesimamisha lori aanze na daftari kabla ya stika, kisha amwambie dereva azime injini na akanyage pedali huku wote wawili wakiitazama geji. Dakika moja inatosha, na geji haipokei chochote mkononi.

Aidha, juu ya Kilimamoja, kabla barabara haijaanza kuteremkia Manyara, patengwe mahali pa malori yote kusimama, yapendayo na yasiyopenda, dereva ashuke, azunguke, aweke mgongo wa kiganja karibu na kila diramu kuona ipi imewaka, kisha aondoke kwa gia ndogo. Msimu wa vitunguu utakuja tena, na malori yatapanga foleni Mang'ola kama ilivyo kawaida. Daftari la kurasa mia moja linauzwa katika maduka ya Njia Panda, pale yanapopita yote, na bei yake haizidi sahani ya chakula hotelini.